Maji ya Luiche: Twahara Si Lazima Yawe Salama

Tumesoma madrasa kwamba maji yaliyobadilika rangi kwa udongo wa mahali yanapopita bado yanafaa kwa udhu. Hukumu hiyo ni sahihi. Lakini wapo wanaodhani kuwa yanayofaa kwa udhu yanafaa pia kunywewa. Hapo ndipo maradhi yanapoingia nyumbani.

Tuutazame Mto Luiche, unaoingia Ziwa Tanganyika kusini ya Ujiji. Usalama wa maji yake huanzia milimani. Penye miti na majani, ardhi huyanywa maji ya mvua taratibu. Miti ikikatwa kwa mkaa na mashamba yakalimwa hadi ukingoni, maji huteremka kwa kasi yakibeba udongo na vinyesi. Yakifika bondeni, penye mpunga na matete, hupunguza mwendo. Tope hutua na kufunika mazalio ya samaki, na penye maji ya polepole huishi konokono wa kichocho.

Mtume (S.A.W.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na akaonya juu ya kujisaidia mahali watu wanapochota maji. Tuzingatie hekima yake. Mayai ya kichocho cha tumbo hufika majini kwa kinyesi. Vijidudu hukulia ndani ya konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu, hata anayetawadha. Kipindupindu nacho hupita kinywani. Mwezi Mei 2015 maelfu waliugua mkoani Kigoma, wengi wao wakimbizi waliofikia Kagunga, kando ya ziwa.

Tufanye haya:

1. Maji ya kunywa yaachwe yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi, kisha yachemshwe. Klorini hupungua nguvu kwenye tope.

2. Maji ya udhu kutoka mtoni yakae siku 2 katika chombo safi chenye kifuniko. Vijidudu vya kichocho vitakufa.

3. Tusilime wala kuchimba choo ukingoni. Sheria ya Mazingira ya 2004 imeweka mita 60.

4. Anayehara damu aende kituo cha afya. Anayehara maji mfululizo anyweshwe ORS huku akipelekwa haraka.

Anayelima juu ya mto na anayetawadha chini yake ni majirani, na jirani ana haki yake. Allah (S.W.) atuwafikishe. Amin.