Matangazo ya Moja kwa Moja Yakikatika: Tatizo Liko Wapi?

Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka Bunge la Kaunti kufanya vikao vyake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Lakini mfanyabiashara wa Hurlingham anayefuatilia mjadala wa ada za leseni kwenye simu, huku akihudumia wateja, anaweza kupitwa na kipengele kinachomhusu kwa sababu tu picha imeganda na kiduara kinazunguka.

Kwanza, jua kosa liko upande gani. Zima Wi-Fi ya simu, kisha fungua tovuti ileile kwa data. Matangazo yakionekana, tatizo liko kwenye intaneti ya nyumbani au dukani. Yakikataa kwa njia zote mbili ilhali tovuti nyingine zinafunguka vizuri, huenda ni tovuti yenyewe iliyolemewa, na kuzima ruta hakutasaidia. Simu iliyozimika kabisa kwa kukosa chaji nayo huweza kuwaka ikiwa na tarehe isiyo sahihi, na tovuti salama zikaikataa.

Kwenye ruta ya faiba, angalia taa iliyoandikwa LOS. Ikiwa nyekundu, mawimbi ya mwanga hayafiki, pengine waya umekatwa au umepindwa mno. Hapo mpigie mtoa huduma moja kwa moja.

Taa zikiwa sawa, chunguza Wi-Fi. Katika majengo ya ghorofa ya Hurlingham na Kilimani, ruta za majirani wengi hugombania masafa ya 2.4 GHz. Masafa ya 5 GHz huwa na kasi zaidi, ila kuta za mawe huyapunguza nguvu haraka, kwa hiyo kuhamia 5 GHz ukiwa chumba cha mbali huenda kukaharibu mambo zaidi. Sogeza ruta mahali pa wazi, au unganisha kompyuta kwa waya. Angalia pia kama kuna simu nyingine nyumbani inayopakia picha kimyakimya.

Kasi nayo huwachanganya wengi. Kifurushi cha Mbps 10 hupimwa kwa biti, si baiti, hivyo hupakua megabaiti 1.25 pekee kwa sekunde, tena zikigawanywa kwa vifaa vyote. Video ya 1080p huhitaji takriban Mbps 5. Ukishusha hadi 480p, Mbps 1 au 2 hutosha, na sauti ya mjumbe itasikika vilevile. Wanaotumia bando wataokoa fedha pia.

Matangazo ya moja kwa moja hukatika upesi kuliko video iliyorekodiwa kwa kuwa simu haiwezi kuhifadhi mapema kile ambacho bado hakijasemwa. Na kuna siku kosa haliko mtaani kabisa: tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na intaneti ikadorora Kenya na nchi jirani.

Tatizo likijirudia, andika saa na kasi uliyopima, uliza mtoa huduma nambari ya malalamiko, na asipokushughulikia, peleka lalama kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Bunge likiwa limealika maoni kuhusu mswada, aliyekosa matangazo bado anaweza kuwasilisha yake kwa maandishi kabla ya tarehe iliyo kwenye tangazo.