Namba Moja Utakayoitumia

Ukisimama mbele ya kabati la kioo kwenye duka la simu Kariakoo au Luthuli Avenue, utakuta saa za mazoezi zimepangwa kuanzia bangili nyembamba ya mpira hadi saa nzito yenye fremu ya chuma, na kwenye boksi la kila moja orodha ni karibu ileile: hatua, mapigo ya moyo, kalori, usingizi, oksijeni ya damu, msongo wa mawazo, na siku hizi presha na sukari pia. Yote yameandikwa kwa herufi za ukubwa mmoja. Hapo ndipo mnunuzi anapopotezwa kabla hajauliza bei, kwa sababu vipimo hivyo havilingani hata kidogo kwa kuaminika. Kimoja kinakaribia ukweli, kingine ni makadirio tu, na kipo ambacho ni uongo mtupu. Hoja ya sura hii ni kwamba saa ya mazoezi ichaguliwe kwa kutazama namba moja: ile itakayokufanya kesho utende tofauti na leo, na ambayo kifaa chenyewe kina uwezo wa kuipima. Mengine yaliyoandikwa kwenye boksi yasikuongezee hata shilingi moja juu ya bei unayokubali kulipa.

Ndani ya kifaa hiki kuna vihisi viwili vinavyobeba karibu mzigo wote. Cha kwanza huhisi mtikisiko wa mkono. Programu hutafuta mtikisiko unaojirudia kwa mpangilio wa mtu anayetembea na kuuhesabu kuwa hatua. Ndiyo maana anayesukuma mkokoteni, mikono imeshika vishikio, huhesabiwa hatua chache kuliko alizopiga, na anayepanda bodaboda kwenye barabara ya makorongo anaweza kuongezewa hatua ambazo hakuzipiga. Cha pili ni ile taa ya kijani inayometameta mgongoni mwa saa. Damu hunyonya mwanga wa kijani, na kila moyo unapodunda damu huongezeka kwenye mishipa midogo ya kifundo cha mkono, hivyo mwanga unaorudi hupungua kidogo. Kuhesabu kupungua huko ndiko kuhesabu mapigo. Saa za bei ya juu huongeza kipokezi cha GPS kinachopima umbali na mwendo. Kalori na msongo hupatikana kwa hesabu, kwa kuchanganya ishara hizo chache na umri, uzito na urefu uliouandika siku ya kwanza. Hata usingizi huhukumiwa kwa mkono kutulia na mapigo kushuka: anayelala macho wazi akiwaza ada ya shule, bila kujigeuza, huenda akahesabiwa kuwa amelala fofofo.

Umbali uliopo kati ya kupima na kukadiria ulionekana wazi mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipowavisha watu 60 vifaa saba tofauti wakiwa wanatembea, wanakimbia na kuendesha baiskeli, kisha wakalinganisha na mitambo ya maabara. Vifaa sita kati ya saba vilisoma mapigo ya moyo kwa kosa lisilofika asilimia 5. Kwa kalori, kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na cha mwisho asilimia 93. Tafsiri yake mezani ni nzito. Mtu anayejiruhusu chapati ya pili kwa kuwa saa imesema amechoma kalori 400 anakula kwa kufuata namba ambayo huenda ni 300, na hana njia ya kujua. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha jaribio la Chuo Kikuu cha Pittsburgh lililowafuatilia vijana 471 waliotaka kupunguza uzito kwa miaka miwili. Wote walipewa mpango wa lishe na mazoezi, lakini nusu yao waliongezewa kifaa cha kuvaa mkononi. Waliokuwa na kifaa walipungua kilo 3.5, wasiokuwa nacho walipungua kilo 5.9. Jaribio hilo halikuonyesha sababu, na vifaa vya wakati ule vimeshapitwa, lakini linatosha kumzuia mtu anayenunua saa akiamini kwamba kuivaa ni nusu ya safari ya kupunguza kitambi. Kama kalori ndiyo namba yako, saa hii si chombo chako. Mizani na daftari la chakula vitakusaidia zaidi.

Hatua ni habari nyingine, na hapa ndipo watu wengi wangepata wanachokitafuta kwa fedha kidogo. Lengo maarufu la hatua 10,000 kwa siku halikutoka hospitalini. Lilienea baada ya kampuni ya Yamasa ya Japani kuanza mwaka 1965 kuuza kihesabu hatua kilichobeba namba hiyo kwenye jina lake, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo. Mtafiti I-Min Lee na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2019 juu ya wanawake 16,741 wa Marekani wenye umri wa wastani wa miaka 72, waliona kwamba waliofikisha hatua zipatazo 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 41 kuliko waliopiga kama 2,700, na manufaa yaliendelea kuongezeka hadi karibu hatua 7,500, kisha yakatulia. Kwa bibi anayeona 10,000 haifikiki na hivyo haanzi kabisa, hii ni habari ya kumtoa nje ya nyumba. Tena uchambuzi wa tafiti uliotoka mwaka 2007 ulionyesha kwamba waliovaa vihesabu hatua vya kawaida, vile vya kubana kiunoni visivyojua mapigo wala usingizi, waliongeza takriban hatua 2,500 kwa siku, na jambo lililoenda sambamba na ongezeko hilo lilikuwa kuwekewa lengo. Kifaa cha bei ndogo kabisa chenye lengo kinatosha kwa kazi hii.

Atauliza mtu: kwa nini basi asitumie simu, ambayo ina kihisi hichohicho na tayari ameilipia? Kwa anayeiweka mfukoni mwa suruali kutwa nzima, jibu ni kwamba hahitaji kununua chochote. Lakini simu huhesabu inapobebwa tu. Mama lishe anayezunguka kati ya jiko na wateja huku simu ipo mezani, mwalimu anayeiacha ofisini anapoingia darasani, mwanamke aliyevaa gauni lisilo na mfuko au anayeiweka simu kwenye mkoba uliotundikwa kitini: hao simu huwanyima sehemu kubwa ya siku yao. Kwao bangili nyepesi ni ununuzi wa haki, na taa zote nyingine wanaweza kuzizima.

Mapigo ya moyo yanamhusu zaidi anayekimbia au anayeendesha baiskeli kwa mpango, anayehitaji kujua kama leo anakwenda taratibu kweli au anajidanganya. Kwa mwendo wa kasi moja, saa ya mkononi inatosha. Kwa mbio za kukimbia kwa nguvu dakika moja na kupumzika dakika moja, mwanga huchelewa kufuata moyo, na kamba legevu huongeza makosa. Hapo mkanda wa kifuani ni bora, kwa kuwa husoma umeme wa moyo wenyewe. Kampuni ya Polar ya Finland imekuwa ikiuza mikanda isiyo na waya tangu miaka ya 1980, na hadi leo ni kipimo kinachotumiwa kukagua saa za mkononi. Mkanda pamoja na saa ya kawaida vinaweza kumfaa mkimbiaji kuliko saa ghali peke yake.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwetu hasa. Melanini, rangi inayoifanya ngozi kuwa nyeusi, hunyonya mwanga wa kijani. Je, ngozi nyeusi inapimwa sawasawa? Swali hili lina haki ya kuulizwa kwa sauti, kwa sababu vifaa vingi vimebuniwa mbali na watu wenye ngozi zetu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walilichunguza mwaka 2020 kwa watu wa rangi zote za ngozi, na hawakuona tofauti kubwa ya usahihi wa mapigo kati ya ngozi na ngozi. Tofauti kubwa zilikuwa kati ya kifaa na kifaa, na kati ya kutulia na kujongea. Kwa mapigo, basi, hofu inapungua. Kwa oksijeni ya damu hali ni tofauti. Mwaka huohuo, jarida la New England Journal of Medicine lilionyesha kwamba vipimo vya kubana kidoleni, tena vya hospitali, vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Ikiwa kifaa cha hospitali kinateleza hivyo, namba ya oksijeni kutoka kwenye saa isimzuie mtu anayehema kwa shida kwenda zahanati.

Na hapa lazima niseme kwa ukali. Saa inayodai kupima sukari kwa mwanga tu, bila kutoboa ngozi, isinunuliwe. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari kwa njia hiyo. Kipo kihisi halali chenye uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi na kutuma vipimo vyake kwenye saa, lakini hapo saa ni kioo cha kuonyesha tu. Mgonjwa anayeamua kipimo cha insulini kwa namba ya kubuni anaweza kuzimia kabla ya kufika kituo cha afya. Kwa presha, zipo saa chache zilizoidhinishwa katika baadhi ya nchi, na baadhi yake hudai zisahihishwe mara kwa mara kwa mashine ya kawaida ya mkono. Mwenye presha anunue mashine hiyo kwanza.

Wapo watakaosema tafiti za jumla zinaonyesha vifaa hivi vinafaa, kwa hiyo bora kuchukua chenye mengi. Ni kweli vinafaa: mapitio makubwa yaliyotoka katika Lancet Digital Health mwaka 2022 yalikuta waliovaa wakiongeza kama hatua 1,800 kwa siku na kupungua takriban kilo moja. Lakini faida hiyo ni ya kutembea zaidi, na haihitaji vipimo ishirini.

Ukishaijua namba yako, yaliyobaki ni ya haraka. Chaji ya siku moja humchosha mtu anayekaa penye mgao wa umeme; bangili nyingi rahisi hudumu wiki moja au zaidi. Hakikisha programu yake inakubali simu yako, na uulize kama inadai malipo ya kila mwezi. Anayeogelea baharini atafute alama ya 5 ATM na aisuuze saa kwa maji baridi kila akitoka. Anayerekodi njia zake azifiche kwa umma: Januari 2018 ramani ya Strava, programu ya kurekodi mazoezi, ilianika kambi za kijeshi kwa sababu askari walikuwa wakikimbia na saa zao. Kenya ina sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, lakini njia uliyoianika mwenyewe imeshatoka.

Kisha ijaribu palepale dukani. Weka vidole viwili chini ya kidole gumba, upande wa ndani wa kifundo, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili, ulinganishe na kioo. Tembea hatua 100 unazozihesabu mwenyewe hadi nje ya mlango na kurudi, mkono ukiwa huru. Tofauti ya hatua tano inavumilika. Ya ishirini ni sababu ya kuomba nyingine, na muuzaji asipokubali jaribio hilo, duka la jirani lina bangili zilezile.