Maji Ndiyo Yanayoua Jiko la Kuni

Mzigo wa kuni mbichi wa kilo 20 unaopandishwa mgongoni hadi Wusi huwa na maji yapata lita 10 ndani yake. Ni nusu mtungi wa maji, uliojificha kwenye mti. Aliyeubeba anadhani amebeba moto. Jikoni maji hayo sharti yageuke mvuke kwanza ndipo kuni ziwake sawasawa, na wanaolipa gharama ni macho na mapafu ya mpishi.

Wusi iko kwenye miteremko ya milima ya Taita, juu ya Mwatate, si mbali na msitu wa Chawia. Kule Voi, jua la nyika hukausha kuni zikiwa zimejilalia uani. Huku juu kuna ukungu, na kati ya Juni na Agosti kipupwe huweza kuzifanya kuni zilizokauka zirudi kuwa chepechepe. Ndiyo maana jiko lililodumu miaka kwa jamaa wa Voi linaweza kupasuka, kufuka na kutupwa nyuma ya nyumba mapema zaidi Wusi, na fundi akasingiziwa bure.

Majiko yenyewe yana historia. Katika miaka ya 1980 chama cha Maendeleo ya Wanawake, kikisaidiwa na shirika la Kijerumani la GTZ, kilieneza jiko la kuni lenye kigae, yaani koo la udongo uliochomwa, lililojengewa sakafuni mahali pa mafiga matatu. Likaitwa Jiko la Maendeleo. Wengine wakaliita kuni mbili, jina ambalo ni ahadi tosha. Wakati huohuo mijini likaenea jiko la makaa lenye kigae ndani ya bati, binamu wa jiko la ndoo la Thailand. Yote mawili hupunguza kuni au makaa kwa sababu kigae huzuia joto lisitoroke pembeni. Kigae kikishapasuka vibaya, faida hiyo inakwisha.

Turudi kwenye kuni. Kukausha zile lita 10 kwa moto hula takriban sehemu moja ya saba ya joto lote lililomo katika mzigo. Hasara hiyo ingevumilika. Kubwa zaidi ni kwamba mvuke hupooza moto, na moto uliopoa hauwezi kuunguza moshi. Moshi ni kuni ambazo hazijaungua: gesi na chembe za lami ambazo zingetoa mwali kama joto lingefika nyuzi 600 hivi. Jiko linalofuka, basi, linatupa nje chakula chake lenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka wa 2020.

Kuni kavu hujulikana kwa sauti. Gonganisha vipande viwili: vikilia kwa mlio mkali, tayari, vikitoa kishindo butu, virudishe ukutani. Ncha zenye nyufa na gamba linalobanduka ni dalili nzuri pia. Ila gogo zima la mkaratusi halikauki kwa kusubiriwa tu. Lipasuliwe lingali bichi, vipande vya unene wa kifundo cha mkono, vipangwe juu ya mawe chini ya upenu, upepo upite katikati. Wazee waliotundika kuni kwenye uchaga juu ya mafiga walijua walichokuwa wakifanya, ingawa uchaga ulio karibu mno na mwali umechoma nyumba nyingi za kupikia.

Maji, adui huyohuyo, hurudi kwa mlango mwingine baada ya chakula kuiva. Mpishi mwenye haraka humwagia moto maji ili aokoe vijinga. Udongo uliochomwa hauwezi kustahimili hilo: uso wake hupoa na kusinyaa ghafla huku ndani kungali moto, nao hupasuka. Chomoa kuni, zizimishe ndani ya jivu au mchanga. Kimanga, chakula cha kupondwa, nacho kina hila yake, kwani anayekiponda sufuria ikiwa bado jikoni hukikandamiza kigae chenyewe. Sufuria na iteremshwe kwanza.

Ufa mwembamba kama unywele haumtishi mtu. Ule unaopitisha mwali ndio wa kuzibwa, kwa udongo wa kichuguu uliochekechwa na kuchanganywa na mchanga au jivu. Lowesha kingo kidogo, shindilia, acha ukauke kivulini siku kadhaa, kisha uanze na moto mdogo. Wengi hukimbilia saruji kwa kuwa inapendeza macho. Ni kosa: saruji inayotazama moto hupoteza nguvu ikipata joto kali, na haitanuki sawa na kigae, hivyo hubanduka pamoja na ulichotaka kukiponya.

Wenye jiko moja la kuni na makaa wakumbuke kwamba fueli hizi mbili hazipumui namna moja. Makaa hutaka hewa kutoka chini, kupitia matundu. Jivu likiyaziba, moto hudorora na sumu ya kaboni monoksidi huongezeka. Kuni huwaka vizuri hata juu ya tandiko jembamba la jivu, mradi mlango usijazwe vijiti hadi juu. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Jiko la makaa lililoingizwa chumbani usiku wa baridi, milango ikiwa imefungwa, limeua familia nzima Kenya hii, na hakuna ukarabati unaolifanya salama humo.

Palipo na dohani, mvua huingia bomba lisipokuwa na kofia, ikachanganyika na masizi na kulila bati. Kuni mbichi huongeza lami nyeusi inayoganda ndani na inayoweza kushika moto. Fungu la katani, ambayo Mwatate haikosi, likifungwa kwenye kamba pamoja na jiwe na kuteremshwa kutoka juu jiko likiwa limepoa kabisa, hukwangua vizuri. Kazi hiyo ifanywe mara moja kwa mwezi kwa anayepika kila siku. Jivu liwekwe kwenye chombo cha chuma nje ya nyumba, maana kaa huweza kuishi humo zaidi ya siku nzima. Likishapoa, shamba la maharagwe litalipokea.

Kuni za kupikia masika zipasuliwe Januari, jua likiwa bado kali. Aprili ni kuchelewa.