Mwalimu, Mwanafunzi na Lugha ya Macho

Weupe wa jicho la binadamu huonekana wazi pande zote mbili za mboni, na ndiyo maana ni rahisi kujua mtu anatazama wapi. Darasani, mwalimu hana namna ya kuficha anakotazama. Mwanafunzi anayetupiwa jicho hujua zamu yake imefika hata kabla ya kutajwa jina, na wawili wanaonong'ona hunyamaza wakikutana na macho yaliyotulia juu yao.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Jacob Kounin, alichapisha mwaka 1970 kitabu kuhusu nidhamu darasani. Aligundua kwamba walimu wenye madarasa tulivu hawakuwapita wenzao kwa ustadi wa kukemea. Waliwapita kwa kuwafanya wanafunzi waamini kuwa mwalimu anajua kinachoendelea kila pembe. Imani hiyo hujengwa kwa macho yanayozunguka darasa zima, hata wakati mwalimu anamsahihishia mtoto mmoja daftari.

Kuzungusha macho hivyo si rahisi. Mwalimu asipojichunga, hujikuta akiwatazama zaidi walioketi mbele na katikati, na maswali nayo huelekea hukohuko. Katika darasa lenye watoto themanini, wa pembeni na wa nyuma wanaweza kumaliza kipindi bila kutazamwa hata mara moja. Hiyo ni dhuluma, ingawa haikukusudiwa. Kutembea kati ya madawati na kuanza maswali nyuma hupunguza tatizo.

Macho ya mwanafunzi ndiyo husomwa vibaya zaidi. Mtoto huulizwa swali, anatazama dari au dirisha, na mara anaambiwa hasikilizi. Mara nyingi anafikiri. Uso wa mtu umejaa habari, na akili inayotafuta jibu gumu huona nafuu kuuepuka kwa muda. Gwyneth Doherty-Sneddon na wenzake nchini Uskoti walichunguza jambo hili kwa miaka. Waliona kwamba watoto wa miaka minane hukwepa macho zaidi kadiri swali linavyokuwa gumu. Katika utafiti wa mwaka 2006, watoto wa miaka mitano waliofundishwa kutazama kando wakati wa kufikiri walijibu vizuri zaidi. Kwa hiyo kumwamuru mtoto, "Nitazame ninapokuuliza!" kunaweza kumnyima jibu alilokuwa karibu kulipata. Kinachofaa ni kunyamaza kwa sekunde tatu hivi, muda ambao walimu wengi hawautoi.

Afrika Mashariki kuna sababu nyingine pia ya mtoto kukwepa macho. Katika familia nyingi mtoto hufunzwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, hasa anapoonywa. Kumkazia macho mzee ni utovu wa adabu. Mtoto huyo akifika shuleni na kutazama chini, amebeba malezi ya nyumbani, na mwalimu anayedhani ameona hatia au kiburi humkosea. Baadhi ya watoto wenye usonji nao huona kutazamana ni mateso, ilhali wanasikiliza vizuri.

Wakati mwingine macho hudokeza shida ya kuona. Mtoto anayebana macho kila anapoutazama ubao, au anayenakili kutoka daftari la jirani, huenda haoni mbali. Huyo asogezwe mbele, na mzazi ashauriwe ampeleke akapimwe macho.