Neno "Petroli" katika Pande Mbili za Ziwa Tanganyika

Utangulizi

Katika Kiswahili yapo maneno ambayo sauti zake ni zilezile kila mahali, lakini maana zake hubadilika kutoka eneo moja hadi jingine. Mengi ya maneno hayo huleta kicheko tu, au kutoelewana kwa kitambo kidogo. Neno petroli si la aina hiyo. Kwa msemaji wa Kigoma, petroli ni mafuta ya kuendeshea gari na pikipiki. Kwa msemaji wa Baraka au Fizi, katika Kivu ya Kusini, petroli ni mafuta yatiwayo katika taa. Makala haya yanakusudia kueleza asili ya tofauti hiyo, maana ya neno hilo katika kemia, na sababu ya kulitumia kwa hadhari.

Asili ya tofauti

Neno lenyewe lina asili ya Kilatini: petra ni mwamba, na oleum ni mafuta. Kwa hiyo maana yake ya awali ni mafuta yatokayo mwambani. Katika Kifaransa, neno pétrole lilibaki na maana ya mafuta ghafi, na likatumika pia kwa mafuta yaliyosafishwa kwa ajili ya taa. Mafuta ya gari yakaitwa essence. Wabelgiji, walioitawala Kongo kama koloni tangu 1908 hadi 1960, walileta mgawanyo huo. Ndiyo maana Kiswahili cha Kongo kina petroli ya taa, esansi ya gari na mazutu ya injini za malori. Neno mazutu nalo lilitoka Urusi, likapitia Kifaransa.

Ng'ambo ya ziwa, Tanganyika ilitawaliwa na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Nchini Uingereza, neno petrol lilikuwa limeanza kutumika katika miaka ya 1890 kama jina la kibiashara, kisha likazoeleka kuwa jina la mafuta ya gari. Kiswahili cha upande huo kikapata petroli ya gari, dizeli, na mafuta ya taa. Hivyo neno moja la Kilatini lilifika katika fuko mbili za ziwa kwa njia mbili, na kila njia ililiacha juu ya kimiminika tofauti.

Maana katika kemia

Vimiminika vyote hivi ni mchanganyiko wa hidrokaboni. Katika kemia ogania, yaani kemia ya misombo ya kaboni, hidrokaboni ni msombo ulioundwa kwa kaboni na hidrojeni peke yake. Atomi za kaboni huungana kama shanga katika uzi, na urefu wa uzi huo ndio unaotofautisha kimiminika kimoja na kingine. Mafuta ya gari yana nyuzi fupi, zenye kaboni 4 hadi 12 hivi. Mafuta ya taa yana nyuzi ndefu zaidi, zenye kaboni 10 hadi 16 hivi. Mafuta ya dizeli ni mazito kuliko hayo.

Kadiri uzi unavyokuwa mfupi, ndivyo kimiminika kinavyogeuka mvuke upesi. Mvuke wa mafuta ya gari waweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri za Selsiasi. Mafuta ya taa yaliyosafishwa ipasavyo huhitaji nyuzi 38 au zaidi. Katika joto la kawaida la Baraka, basi, kimoja ki tayari kulipuka na kingine hakijawa tayari.

Yafaa pia kutaja mawese, ambayo ni mafuta yanayofahamika sana Fizi. Nayo huitwa mafuta, lakini si hidrokaboni: ndani yake mna oksijeni, na kikemia ni esta za gliseroli na asidi za mafuta. Neno mafuta peke yake, kwa hiyo, halimwambii msikilizaji jambo lolote kuhusu hatari.

Matumizi na hatari

Vita vya 1996 na 1998 viliwakimbiza watu wengi wa Fizi hadi mkoa wa Kigoma, katika kambi kama Lugufu na Nyarugusu. Kuanzia 2005 maelfu walirejeshwa kwa meli hadi Baraka, na miongoni mwao walikuwamo vijana waliokulia ng'ambo. Matumizi mawili ya neno yakakutana katika soko moja. Aliyezoea Kiswahili cha Kigoma akitumwa kununua petroli, aweza kuleta esansi. Na esansi ikitiwa katika taa ya utambi, taa hiyo ni bomu.

Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, kaskazini ya Uvira, lori la mafuta lilipinduka na mafuta yakamwagika. Watu walikusanyika kuyachota. Moto ukazuka, na zaidi ya watu 230 wakafa. Tarehe 10 Agosti 2019 msiba wa namna hiyo uliua zaidi ya watu 100 mjini Morogoro, Tanzania. Haifai kudai kwamba neno ndilo lililoua. Umaskini ulikuwa na sehemu yake, na mvuke wa mafuta ya gari, ulio mzito kuliko hewa, hutambaa chini bila kuonekana hadi ufikie moto. Hata hivyo, ni vigumu kumwonya mtu juu ya hatari ambayo lugha yake haijaitenga kwa jina.

Hitimisho

Haitakuwa busara kuwalazimisha Wafizi waache petroli yao, wala Wakigoma waache ya kwao. Kila matumizi yana historia yake. Lakini katika lebo, matangazo ya afya na masomo ya kemia, neno petroli lisisimame peke yake. Mafuta ya taa yaitwe mafuta ya taa, jina linalotaja kazi yake na lisiloweza kugeuzwa maana. Petroli ya Kigoma iitwe esansi au mafuta ya gari. Neno hidrokaboni libaki kwa jamii nzima. Mwalimu wa Fizi afundishaye kemia kwa Kifaransa na kuifafanua kwa Kiswahili atakuwa amefanya kazi kubwa akianza somo lake kwa swali moja: "Petroli ipi?"