Bustani ya Mboga Huanzia Bandani

Ndugu mfugaji, ukiwa na ng'ombe mmoja aliyefungwa nyumbani, au mbuzi watano tu, tayari unayo nusu ya bustani. Nusu iliyobaki ni mbegu, maji na uangalizi. Hata hivyo nyumba nyingi za wafugaji hapa Unguja huuza maziwa asubuhi, kisha sehemu ya fedha hizo hizo ikaenda Darajani au Mwanakwerekwe kununua mchicha na tungule, na tungule nyingi zimevuka bahari kutoka Tanzania Bara. Wakati huo samadi imelundikana nyuma ya banda, mvua inaiosha na nzi wanazaliana ndani yake.

Wazee wanakumbuka shida ya kuweka ng'ombe mzuri wa maziwa walipokuwapo ndorobo. Kazi ya kuwaangamiza kwa kuachia madume yaliyofanywa tasa kwa mionzi ilianza mwaka 1994, na kufikia mwisho wa 1997 kisiwa cha Unguja kilikuwa hakina ndorobo tena. Tangu hapo ng'ombe wa maziwa anaweza kukaa karibu na nyumba bila ya hofu ile, na samadi yake pia ikakaa karibu. Tuitumie, lakini tuitumie kwa mpango.

Mpango wenyewe ni huu: andaa samadi kwanza, nunua mbegu baadaye. Mchicha hufika chunguni wiki tatu au nne baada ya kumwaga mbegu. Samadi inahitaji karibu miezi mitatu kuiva. Anayeanza na mbegu hujikuta mvua imeshaanza, pakiti iko mkononi, na samadi iliyopo ni ya jana. Anaitia hivyo hivyo. Hapo ndipo madhara yanapoanzia.

Samadi mbichi ina hasara gani?

Ya kwanza wengi wanaijua: inaunguza. Mbegu haioti, au mche unatoka na kugeuka manjano ncha za majani. Ya pili haionekani kwa macho, nayo ndiyo inayotuhusu sisi watu wa mifugo. Kinyesi kibichi kina mayai ya minyoo, kina mbegu za magugu alizokula ng'ombe, na kina vijidudu vya kuharisha ambavyo ng'ombe anaweza kuwa navyo na yeye mwenyewe asiumwe. Mchicha ukipikwa vizuri vijidudu hufa. Lakini kachumbari haipikwi. Na kisu kilichokata mchicha wenye matope ndicho kitakachokata tungule za kachumbari.

Huko Marekani, kanuni za kilimo hai zinamtaka mkulima aliyetia samadi mbichi asubiri siku 120 kabla ya kuvuna zao linalogusana na udongo, na siku 90 kwa zao lisilogusana nao. Sasa hesabu mwenyewe: mchicha wa siku 25 utasubirije siku 120? Kwa mboga za majani samadi mbichi haina nafasi kabisa.

Kutengeneza lundo

Chagua pahala penye kivuli, pasipotuama maji, hatua thelathini au zaidi kutoka kisimani. Tandika vijiti chini ili hewa ipite. Weka tabaka la majani makavu au mabaki ya malisho, unene wa shubiri moja, kisha samadi nusu ya unene huo, nyunyiza maji, urudie. Endelea mpaka lundo lifike kimo cha kifua, na upana wake usipungue mita moja. Lundo dogo kuliko hapo halipati joto, na joto ndilo tunalolitaka: likifika nyuzi 55 au zaidi na likakaa hapo siku kadhaa, huua mayai ya minyoo na mbegu za magugu. Funika kwa majani ya mgomba au makuti ili jua lisikaushe na mvua isioshe.

Chomeka fimbo ndefu hadi katikati. Siku ya tano ichomoe uishike. Ikiwa ya moto, lundo linafanya kazi. Ikiwa baridi na kavu, lundo lina kiu. Ikiwa baridi na inanuka vibaya, maji yamezidi. Fumua, ongeza majani makavu. Kila baada ya wiki tatu geuza, ya nje iingie ndani, kwa sababu pembezoni hapapati joto la kutosha. Samadi iliyoiva ni nyeusi, inamomonyoka mkononi na inanukia udongo uliopata mvua. Kama bado inanukia banda, bado.

Samadi ya mbuzi ni punje kavu, ngumu kuoza. Iponde na kuilowesha kabla ya kuiweka. Ya kuku ni kali sana, tia robo tu ya kiasi unachotia cha ng'ombe. Samadi ya mnyama aliyechomwa sindano ya antibiotiki au aliyenyweshwa dawa ya minyoo siku za karibuni iweke lundo la peke yake, uitumie kwenye migomba. Na kitu kimoja kisiingie katika lundo kwa hali yoyote: kondo la nyuma na mimba iliyoharibika. Huenda vikawa na vijidudu vya brusela, ugonjwa unaoambukiza watu. Vifukie kwa kina, mbali, na usivishike kwa mikono mitupu.

Kwa vuli, anza lundo mwezi wa Julai, ili Oktoba upande mchicha na bamia. Kwa tungule mimi napendelea kipupwe, maana masika majani hukaa majimaji na ukungu huyamaliza. Anza lundo Februari, mwaga mbegu kitaluni katikati ya Mei, hamisha miche mwishoni mwa Juni mvua ikishapoa.

Mbegu na kitalu

Kabla ya kumwaga mbegu yoyote, ijaribu. Hesabu punje ishirini, zikunje ndani ya kitambaa kibichi, ziweke pahala penye joto na usikiache kitambaa kikauke. Baada ya wiki moja hesabu zilizoota. Zikiwa kumi na sita au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiwa kumi, mwaga mara mbili ya kawaida. Chini ya hapo usipoteze samadi yako. Mbegu mbovu za pakiti usiwatupie kuku: nyingi zimepakwa dawa, ndiyo maana zina rangi ya waridi, kijani au buluu.

Mbegu ya mchicha na ya bamia unaweza kuitunza mwenyewe. Chagua mmea wenye afya kuliko yote, tangu mapema, ufunge kitambaa chekundu ili watoto wasiuchume, na uuache ukauke shambani. Ya tungule ina kazi kidogo: kamua mbegu na maji yake ndani ya kikombe, acha siku mbili au tatu ichachuke, osha, anika kivulini juu ya sahani. Hifadhi katika chupa kavu yenye mfuniko. Lakini kama pakiti ilisema mbegu ni chotara, usihangaike. Watoto wake hawatafanana naye.

Kitalu kiwe na upana wa mita moja ili mkono ufike katikati bila ya kukanyaga. Changanya udongo na samadi iliyoiva, vunja mabonge yote, sawazisha. Chora mistari kwa kidole, iachane kiasi cha kiganja. Mbegu ifukiwe kina cha mara mbili au tatu ya unene wake, si zaidi. Mbegu ya mchicha ni ndogo mno, ichanganye na mchanga mkavu ndipo umwage, na mchicha hauhitaji kuhamishwa. Mwaga pale pale utakapovuna. Bamia nayo iloweke usiku mmoja, uipande moja kwa moja shambani. Kitalu hasa ni cha tungule, biringani na pilipili.

Tandaza nyasi kavu juu, mwagilia kwa kopo lililotobolewa matundu madogo, asubuhi. Siku utakapoona miche ya kwanza, ondoa nyasi jioni hiyo hiyo, weka kichanja cha makuti juu. Ukichelewa siku mbili miche itarefuka na kuwa dhaifu. Ukiona miche inalala kama iliyokatwa kwa uzi usawa wa udongo, huo ni uozo wa shingo: imebanana na maji yamezidi. Ng'oa iliyoanguka, punguza mingine, mwagilia mara moja tu kwa siku.

Fukuza paka kitaluni. Udongo laini ndio choo chao, na kinyesi cha paka kinaweza kuwa na kijidudu kinachoharibu mimba za mbuzi na kudhuru mtoto aliye tumboni mwa mama. Weka matawi ya miiba juu ya kitalu, na mama mjamzito asipalilie kwa mikono mitupu.

Miche ikifikisha wiki nne au tano, yenye majani manne hadi sita, punguza maji na kivuli kwa wiki moja ili ikomae. Ihamishe jioni. Tia ndoo moja ya lita 20 ya samadi iliyoiva kwa kila mita moja ya mraba. Penye kichanga cha pwani ongeza nusu ndoo, kwani hakishiki maji. Uwandani, kama Makunduchi, Jambiani na Nungwi, jaza samadi na udongo katika mifuko ya mawe, au tumia polo: simamisha polo, weka nguzo ya kokoto katikati ya kupitisha maji, jaza udongo pembeni, toboa ubavuni na upachike miche. Jamaa wa Mji Mkongwe wanaweza kufanya hivyo hivyo juu ya dari kwa ndoo kuukuu zilizotobolewa chini. Isiwe ndoo iliyowahi kutiwa dawa ya aina yoyote.

Maji ya kisima yaonje kwanza. Yakiwa na chumvi, yatumie kwa mmea uliokwisha komaa ikiwa huna mengine. Kitaluni tumia maji ya mvua au ya mfereji.

Dawa ya kupe si dawa ya mboga

Hapa naomba usome taratibu, na umsomee asiyejua kusoma. Dawa ya kuogeshea mifugo isipuliziwe mboga. Najua inavyokuwa: chupa ipo nyumbani imebaki nusu, wadudu wamejaa kwenye biringani, mtu anasema mdudu ni mdudu. Amitrazi imepimwa kwa ngozi ya ng'ombe, si kwa jani litakaloliwa kesho kutwa. Hata pale jina la dawa linapofanana na la dawa ya mimea, kipimo, vitu vilivyochanganywa ndani yake, na siku za kusubiri ni tofauti. Bomba la kunyunyizia ng'ombe nalo libaki la ng'ombe. Na kinyume chake pia: dawa ya mimea isipakwe mbuzi kuua kupe au viroboto, maana mbuzi hujiramba.

Kwa bustani ya nyumbani yako mengine ya kufanya. Viwavi waokote asubuhi uwape kuku. Kwa vidukari, twanga kilo moja ya majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha katika lita 5 za maji, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyizia jioni chini ya majani, rudia baada ya wiki. Mboga ioshwe kabla ya kuliwa.

Bustani inapomrudishia mnyama

Zungushia uwa kabla ya miche kuingia, si baada ya mbuzi kuingia. Uwandani kuta za mawe zinafaa. Kwengineko panda gilirisidia, ambayo ikikatwa na kunyauka ni malisho mazuri.

Mashina ya matembele na majani ya kunde mpe ng'ombe bila ya wasiwasi. Majani ya tungule usimpe, yana sumu. Majani ya muhogo mchungu yasiliwe mabichi na mbuzi mwenye njaa. Yakate uyaanike kwanza. Mchicha uliokomaa, uliolimwa kwa samadi nyingi, unaweza kukusanya naitreti: changanya kidogo na nyasi, usimjazie hori. Na chochote kilichopuliziwa dawa kisiingie horini mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite.

Ukimwona mnyama anatokwa na mate mengi, anatetemeka, anahema kwa shida au anaanguka baada ya kula mabaki ya bustani, mwondoe hapo, mweke kivulini, usimnyweshe kitu kwa nguvu, na umwite afisa mifugo saa hiyo hiyo. Chukua tawi la alichokula na chupa ya dawa kama ipo, tuvikute hapo tukifika.