Mtihani wa udaktari hufanyiwa mazoezi wodini
Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa udaktari hapimwi kwa kalamu pekee, bali pia mbele ya mgonjwa. Katika mtihani wa vituo, ambao Ronald Harden wa Dundee, Scotland, na wenzake waliueleza mwaka wa 1975, watahiniwa huzunguka kituo hadi kituo, kila kimoja kwa dakika chache. Mtahini hutia alama hatua kwa hatua: Je, amenawa mikono? Ameomba idhini? Ameuliza palipo na maumivu kabla ya kugusa tumbo?

Mazoea hayo hayakaririwi kwa usiku mmoja. Anayejiandaa vyema huwapima wagonjwa wodini kila siku, mwenzake akishika saa na kumkosoa. Heri kukosolewa leo kuliko mgonjwa kuumia kesho.